Gesi Imekwenda Wapi?

Hotuba kwa madereva na mafundi wa magari, Malaba, Uganda

Mwenyekiti wetu, wazee wangu, madereva mliotoka Mombasa na mnaoelekea Kampala, Kigali na Juba, mafundi vijana wa hapa Malaba na mliokuja kutoka Tororo na Busia, hamjambo. Mama wa hoteli uliyetuazima viti na kivuli, Mungu akubariki. Nimeombwa niongee Kiswahili, na nimefurahi, kwa sababu hapa chini ya mwembe yuko Mjapadhola, yuko Mteso, Msamia, Mganda, Mkikuyu na Msomali, na lugha inayotukalisha benchi moja ni hii.

Nimekuja na neno moja. Gesi ya AC, yaani kiyoyozi cha gari, haitumiki ikaisha. Si dizeli, si maji ya betri. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inaenda na kurudi, mwaka baada ya mwaka. Ni kweli mipira ya zamani huiachia kidogo sana, kiasi ambacho utakihisi baada ya miaka. Lakini gari lililojazwa gesi Januari, likarudi Machi linapuliza hewa ya moto, hilo lina tundu. Kwa hiyo dereva akija akasema, "Fundi, AC haileti baridi, niongezee gesi," fundi asikimbilie mtungi. Aulize kwanza: je, ni gesi kweli? Na kama ni gesi, imekwenda wapi?

Hili nilijifunza kwa aibu. Miaka yangu ya kwanza ya kazi, dereva mmoja wa teksi aliniletea gari lake mara tatu katika kiangazi kimoja. Mara zote tatu niliongeza gesi, likapoa, akalipa, akaenda. Mara ya nne alikuja kwa miguu. Hakuwa na hasira. Aliniuliza tu, "Fundi, hivi gari langu linakunywa gesi?" Nilikosa jibu. Nikamwambia alilete, nikapaka povu la sabuni kiungo kwa kiungo, na nilipofika kwenye vali ya kujazia, ileile ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nikiichomeka mpira wangu kila mara, povu lilianza kuvimba polepole. Ile pini ya ndani, inayofanana na ya tairi, kimpira chake kilikuwa kimekwisha. Spea ya bei ya soda. Nilimrudishia pesa za mara mbili, na ya tatu nikailipa kwa kazi. Sikukusudia kumwibia, lakini pesa za watoto wake zilikwenda vilevile.

Tuelewane kwanza mashine hii inafanya nini. AC haitengenezi baridi, inahamisha joto. Mnakumbuka nesi anavyokupaka spiriti kabla ya sindano, mkono unavyosisimka kwa ubaridi? Spiriti inakauka, na katika kukauka inaondoka na joto la ngozi yako. Gesi ya R134a, iliyomo kwenye magari yetu mengi, inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa haijakandamizwa. Ikiwa bado majimaji inapitishwa kwenye kitundu chembamba, inafika kwenye koili iliyo nyuma ya dashibodi, inachemka pale, inachukua joto la ndani ya gari. Kompresa inaivuta, inaikandamiza, inaisukuma mbele kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake. Pale upepo unaondoa joto, gesi inarudi kuwa majimaji, safari inaanza upya. Shikeni jambo hili: joto lililotolewa ndani lazima litupwe mbele. Kondensa ikishindwa kulitupa, ndani hakutapoa hata gesi iwe kamili kwa gramu.

Sasa gari limefika. Usiguse geji ya kupimia presha bado. Washa injini, weka AC mwisho, weka mkono kwenye tundu la hewa. Upepo una nguvu? Kama unakuja kwa kusuasua, fungua kile kisanduku cha mbele ya abiria, nyuma yake kuna chujio la hewa. Magari mengi yanayotoka Japani yamekuja nalo, na wenyewe hawajui lipo. Nimetoa machujio mekundu kama tofali la Tororo, vumbi la marami, ule udongo mwekundu wa barabara, limeshikana hadi mwanga haupiti. Chujio jipya ni bei ndogo. Gesi hapo haina kosa lolote.

Upepo una nguvu lakini ni wa moto? Fungua boneti, tafuta mabomba mawili yanayoingia ndani kupitia ukuta wa injini. Moja nene, moja jembamba. Bomba nene likiwa baridi, linatoa jasho kama chupa ya bia iliyotoka friji, halafu ndani ya gari kuna joto, basi baridi inatengenezwa lakini inachanganyika na hita. Kuna kilango nyuma ya dashibodi kinachogawa joto na baridi. Kamba yake imekatika au kimota chake kimekufa. Madereva wa Kabale na Kapchorwa wanaitumia hita, sisi wa huku tunaisahau, nayo inatupikia abiria.

Halafu sikiliza kompresa. AC ikiwashwa unatakiwa kusikia "tak", na uso wa mbele wa puli uzunguke pamoja na puli. Kama puli inazunguka peke yake na uso umesimama, klachi inayoviunganisha haijashika. Tazama fyuzi, tazama rilei, pima kama umeme unafika kwenye waya wa klachi. Wakati mwingine nafasi kati ya puli na uso imekuwa kubwa kwa kulika. Inatakiwa nusu milimita hivi. Ikizidi, asubuhi inashika, mchana chuma kikipata moto inaachia.

Na hapa naomba vijana wangu mnisikilize sana. Kuna swichi ya presha kwenye bomba. Gesi ikipungua sana, swichi inakata umeme wa klachi, kompresa haizunguki. Nimeona mafundi wakichukua kipande cha waya, wanaunganisha swichi moja kwa moja, kompresa inanguruma, wanashangilia. Msifanye hivyo. Oili ya kompresa haikai kwenye sampu kama ya injini, inasafiri na gesi. Gesi ikikosekana oili hairudi, kompresa inazunguka kavu, na ikifa haifi peke yake. Inatapika unga wa chuma kwenye kondensa, kwenye chujio la kukaushia unyevu, hadi kwenye kile kitundu chembamba. Nimefungua mabomba ya gari dogo nikatoa tope jeusi linalometameta, na mwenye gari akanunua karibu mfumo mzima kwa sababu ya waya wa urefu wa kidole. Ile swichi ilikuwa ikimlinda.

Tuje kwenye ugonjwa wenu nyinyi wa foleni. Mwajua wenyewe: barabarani, kilomita 70 kwa saa, kabini ni Ulaya. Ukifika kwenye foleni ya mpaka, lori limesimama na injini inaunguruma, dakika kumi tu hewa inageuka moto. Ukisogea tena, inapoa. Nakuona unatikisa kichwa, mzee wangu, umeuguza hilo. Hapo mara nyingi sana gesi haihusiki. Gari likitembea, upepo wa barabara unapuliza kondensa bure. Likisimama, kazi yote ni ya feni.

Njia ya kulithibitisha haihitaji hata spana. Gari likiwa limesimama linapuliza moto, chukua jagi la maji, mwagia kondensa taratibu kutoka mbele. Hewa ya ndani ikipoa ndani ya dakika moja au mbili, umeshapata jibu: joto halitupwi. Kwenye malori, tazama ile klachi ya feni ya injini, yenye mafuta mazito ndani, ambayo ikichoka feni inazunguka kivivu. Kwenye magari madogo feni ni ya umeme, na mota inaungua, au brashi zimekwisha. Niliwahi kuhangaika siku nzima na gari ambalo feni yake ilikuwa inazunguka vizuri, kwa kasi nzuri, mpaka niliposhika karatasi mbele ya grili ikapeperuka kuelekea mbele. Aliyebadilisha mota alikuwa amegeuza nyaya. Feni ilikuwa inapigana na upepo wa barabara.

Kama feni ni nzima, chungulia kati ya kondensa na rejeta. Huko ndiko uchafu unakojificha. Magari ya Karamoja yanakuja na mbegu za nyasi, ya Masaka wakati wa nsenene, wale panzi wa kuliwa, yanakuja na nsenene waliokauka tabaka kwa tabaka, na magari yanayopakia simenti yanakuja na ukoko ambao mvua imeukandika kama plasta. Osha kwa maji ya mpira wa kawaida, kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa subira. Ile mashine ya presha ya kuoshea magari iache, inalaza mapezi ya kondensa kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe, na mapezi yaliyolala hayapitishi upepo.

Sasa ndiyo tufike kwenye geji. Mpira wa buluu upande wa chini, mwekundu upande wa juu, wa manjano katikati. Kosa ninaloliona kila wiki ni hili: fundi anaunganisha geji injini ikiwa imezimwa, anaona psi 90, psi ndiyo kipimo cha presha, anasema, "Gesi imejaa." Hapana, kijana wangu. Injini ikiwa imezimwa, geji inakueleza joto la siku, haikuelezi wingi wa gesi. R134a kwenye nyuzi 25 inasimama karibu psi 82, kwenye nyuzi 30 karibu psi 97, iwe ndani kuna gramu 500 au gramu 150, mradi bado kuna majimaji kidogo. Kinachokueleza habari ni geji ya gari linalofanya kazi.

Siku ya nyuzi 30 kama leo, gari dogo zima huonyesha upande wa chini psi 25 hadi 45 na upande wa juu psi 150 hadi 250. Gari na gari hutofautiana, lakini humo ndimo nyumbani kwake. Zote mbili zikiwa chini, gesi imepungua. Zote zikiwa juu, gesi imezidi, au kondensa haitupi joto, au hewa imeingia ndani. Wa chini ukipanda na wa juu ukishuka hadi zinakaribiana, kompresa imechoka, haikandamizi tena. Wa chini ukizama hadi sifuri au chini ya sifuri, njia imeziba. Na likipoa dakika kumi, likaacha, ukilizima kidogo likapoa tena, ndani kuna unyevu: tone la maji linaganda barafu kwenye kile kitundu chembamba, linaziba, linayeyuka, linaziba tena. Hilo huwezi kuliponya kwa kuongeza gesi. Badilisha chujio la kukaushia, uvute hewa yote.

Umejua sasa kwamba gesi imepungua. Itafute ilikotokea. Gesi inatoka na oili, kwa hiyo palipo na unyevu wa mafuta uliokusanya vumbi, pashuku: shingo ya kompresa, maungio yenye oringi, zile pete za mpira, pembe za kondensa zilizopigwa na kokoto. Rangi ya kumulika kwa taa ya buluu ni nzuri, povu la sabuni ni zuri pia. Mfumo ukiwa mtupu, upime kwa naitrojeni. Nasema naitrojeni. Kwenye gereji za kuchomelea kuna mtungi wa oksijeni karibu, na kishawishi ni kikubwa. Oksijeni ya presha ikikutana na oili inaweza kulipuka. Na hewa ya kompresa ya kujazia tairi inaingiza maji. Visitumike.

Ukishaziba, vuta hewa kwa pampu nusu saa na zaidi, kisha funga vali, subiri, uone kama mshale unarudi. Na hapa nina jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani havilisemi. Vinasema mshale ufike inchi 29 za zebaki au karibu 30. Kijana mmoja alitaka kutupa pampu yake nzuri kwa sababu haikuvuka 26. Pampu haikuwa na ubovu. Sisi hapa tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, uzito wa hewa juu yetu ni mdogo kuliko wa Mombasa, na ile geji inapima tofauti kati ya nje na ndani. Hapa, na hata Kampala, inchi 26 hivi ndiyo mwisho wake. Kabale hutavuka 24. Fundi asiyejua hili atalaumu pampu, au atatafuta tundu lisilokuwepo siku nzima.

Kisha jaza kwa mizani. Chini ya boneti kuna kibandiko, hata kama kimeandikwa Kijapani, namba zinasomeka: HFC-134a, ndiyo hiyohiyo R134a, na gramu, pengine 450, pengine 500. Hiyo ndiyo dawa yake, na dawa ina kipimo. Gesi ikizidi kipimo hicho kwa gramu mia, kondensa inajaa majimaji, presha inapanda, na gari linapuliza joto kuliko lilivyokuja.

Madereva, nisikilizeni katika hili hata kama hamshiki spana. Wapo wanaojaza gesi ya kupikia kwenye AC. Inapoza, sikatai. Lakini ile koili iko mbele ya magoti yako, ndani ya kabini. Ikitoboka usiku umelala na madirisha yamefungwa, kisha ukawasha sigara, hakuna atakayekuja kuniuliza nilikosea wapi. Na iko mitungi iliyoandikwa R134a ambayo ndani si R134a. Mwaka 2011 makontena ya friji yalilipuka Vietnam na Brazil, mafundi watatu wakafa, kwa sababu ndani mliwekwa gesi bandia yenye kemikali inayokula aluminiamu na kuacha kitu kinachowaka kikiguswa na hewa. Makontena kama hayo mnayavuta nyinyi kwenye barabara hii. Fundi, mtungi mpya ulaze kivulini usiku kucha, asubuhi upime presha na joto lake. Ukikuta psi 158 kwenye nyuzi 30, hiyo ni R22, gesi nyingine ya kupozea. Lakini walaghai wanajua kuchanganya ili namba zikaribiane, kwa hiyo kipimo hiki kinawakamata wajinga tu kati yao. Nunua kwa mtu ambaye ukirudi kesho utamkuta.

Magari ya haibridi yenye nyaya za rangi ya chungwa, kama hujafundishwa, mrudishie mwenyewe funguo. Kompresa yake inaendeshwa na umeme mkali unaoua, na oili yake ni ya namna nyingine. Ukimimina oili ya kawaida unaharibu kinga ya umeme ndani ya mota.

Mtaniuliza, kuna ubaya gani kuifungulia gesi ya zamani iende hewani, si tunafanya hivyo miaka yote? R12, gesi ya AC za zamani, ilitoboa ngao ya anga inayotukinga na miale ya jua, ndiyo maana dunia ilikubaliana Montreal mwaka 1987 kuiondoa. R134a haitoboi, lakini kila kilo yake inapasha dunia joto kama kilo 1,430 za hewa ya ukaa, na ndiyo maana mwaka 2016, hapa jirani Kigali, nchi zilikubaliana kuipunguza pia. Gramu 500 unazoachia kwa dakika mbili ni sawa na kuchoma petroli lita 300 hivi. Mimi natoka kwa wakulima. Nimeona mvua ya Machi ikija Aprili. Mashine ya kunyonya gesi ni ghali kwa fundi mmoja, lakini gereji kumi za Malaba zikichanga zinaipata, na gesi iliyonyonywa inasafishwa na kurudishwa. Mwenyekiti, nakuomba jambo hili liingie kwenye kikao chenu kijacho, na mchango wa kwanza nautoa mimi leo.

Najua wako wanaodhani AC ni anasa ya wakubwa. Dereva aliyetoka Mombasa, akalala kabini hapa siku mbili madirisha wazi, mbu na vumbi usiku kucha, kisha anaambiwa apande Mbale, Soroti, Lira, Kamdini, Gulu, hadi joto la Elegu, huyo akisinzia kwenye usukani anasinzia mbele ya watoto wanaotoka shule. Na siku ya mvua, kioo cha mbele kikijaa ukungu, AC ndiyo inayokausha ile hewa ukaona mbele. Nimekwenda kwenye matanga ya madereva wawili niliowahi kuwatengenezea magari. Sijui kilichowaua, na sitasema ni joto. Lakini tangu hapo gari likija na AC mbovu silioni kama kazi ndogo.

Kuna Noah nyeupe pale nje, mwenyewe amekubali tuitumie. Amejaza gesi mara mbili mwaka huu na bado inapuliza moto. Geji tutaziacha ndani ya boksi kwanza. Kijana mwenye jagi la maji, tangulia, na wewe mwenye taa ya buluu umfuate. Wazee, karibuni mkae upande wa kivuli, tufungue boneti.